Mama Vyungu na Udongo wa Kule Juu

Wacha nianze na aibu yangu ndiyo mtu asije kuniambia baadaye kwamba nilificha. Mimi nilikojoa kwenye chanzo cha mto Nzoia.

Sikukusudia. Kule juu ya milima ya Cherangani kuna baridi ya kuingia kwa mfupa, na mimi asubuhi nilikuwa nimekunywa chai kama mtu anaenda kufungwa. Miti iliisha, ikabaki nyasi ya vichuguu, ukungu, na maji yanapiga chwa chwa chini ya viatu. Nikajitenga na wenzangu, nikatafuta kabonde kadogo, nikasema hapa hata malaika hapitii. Nikiwa katikati ya shughuli nikasikia yule mzee mchunga kondoo aliyekuwa anatuonyesha njia anapiga kelele: "Hapo! Hapo huyo jamaa amesimama! Ndiyo mto unaanzia!"

Wenzangu wasanii wakaja mbio na karatasi zao za kuchorea. Wakanipata napigana na zipu.

Nilijua nitapigwa. Lakini kulikuwa na mama mmoja kati yetu, tulimwita Mama Vyungu, na huyo mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwa ile nyasi ya maji. Hakuna mtu alishughulika na mimi tena. Wote walikuwa wanamwangalia yeye, kwa sababu tangu huo mto umchukulie mtoto wake hakuna mtu alikuwa amesikia kicheko chake.

"Mwacheni akojoe," akasema, anapanguza macho na leso. "Huu mto umetufanyia mabaya kuliko hayo."

Na kicheko kikaisha hapo hapo, kama mtu amezima taa.

Mimi kazi yangu ni kuchora mabango. Shule niliacha Form Two, au ni shule iliniacha, hiyo kesi haijaisha. Ukiona kinyozi hapa Kakamega amechorewa kichwa chenye sikio moja liko juu ya lingine, usiulize fundi ni nani. Niliwahi kuchorea hoteli moja kuku, wateja wakawa wanaingia kuuliza bata ni bei gani. Kwa hivyo nikikueleza juu ya Mama Vyungu, ujue mchoraji ndiyo huyu. Sikio litakuwa juu ya lingine mahali fulani.

Jina lake sitataja. Hata sisi hatukulitumia. Alikuwa mfinyanzi, kwake ni upande wa Matungu, karibu na mto, na alikuwa analeta vyungu sokoni Kakamega mjini. Siku hizi anakaa kwa binti yake Butali na hafinyangi tena. Nikimkumbuka, kwanza nakumbuka kile kidole chake.

Hicho kidole ndicho alikuwa anagongea chungu kabla akuuzie. Anakigonga mara moja, anainamisha kichwa, anasikiza kama daktari anasikiza kifua. Kikilia vizuri anakupatia bila kukuangalia. Kikilia vibaya, anakivunja mbele yako, na wewe umesimama na pesa mkononi. Siku moja nilimwona ananyanyua kimoja hivyo, nikaruka.

"Mama, hebu nipatie hicho! Nitachora maua, ufa hautaonekana."

"Na huo ufa utaenda wapi? Kwa shangazi yako?"

Akakiangusha.

Alikuja mama mwingine na gari kubwa, anataka vyungu vya kuweka kwa geti. Mama Vyungu akamuuliza, "Utaweka maji ya kunywa?" Yule akasema hapana, ni vya kupanda maua. "Basi nunua karai," akaambiwa, na mazungumzo yakaisha. Lakini wiki ile ile msichana mmoja ameolewa juzi juzi alipita analalamika tu kwamba maji ya mtungi wa plastiki yananuka, hakuwa hata anataka kununua, na Mama Vyungu akamwekea chungu kichwani bure. Na bado akamfokea pia: "Na usikioshe na sabuni, wewe! Chungu si sufuria."

Ukali wake na wema wake vilikuwa vinatembea pamoja hivyo, hujui utapokewa na gani. Alikuwa mtu wa kanisa kabisa, Jumapili hakosi. Lakini vyungu vikiwa vinakauka, hakuna mtu alikubaliwa kupiga mluzi karibu, eti vitapasuka. Mchungaji wake mwenyewe alipita hapo siku moja akipiga mluzi wimbo wa ibada. Akafukuzwa.

"Mama, huu ni wimbo wa Yesu!"

"Hata kama. Yesu anajua barabara. Enda umpigie huko."

Na kuku. Kwetu Waluhya, ukichinja ingokho, firigisi ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni mwanaume. Watu wameachana kwa sababu ya firigisi, usidhani nacheza. Mama Vyungu alipofiwa na bwana yake, shemeji zake walikuja kula, wakangoja firigisi. Akaitoa kwa sufuria mbele yao, akaitafuna pole pole. "Nani alijenga hii nyumba baada ya ile mvua kuibomoa?" akauliza. Wakainamia obusuma, ugali wao. Baadaye kijana wake alipopata kifua cha mwanaume, akaanza kumpatia yeye. Na baada ya kijana kwenda, nilikula kwake mara kadhaa, na ile firigisi haikuonekana kwa sahani ya mtu yeyote. Sikuuliza ilikuwa inaenda wapi. Mimi huwa nauliza kila kitu, lakini hiyo sikuuliza.

Alikuja kwa kikundi chetu kwa sababu ya Nelima. Nelima ndiye msomi wetu, ana diploma ya sanaa, anachora na makaa. Alikuwa ametukusanya watu wa kuchora na kuchonga, tunakutana Jumamosi kwa chumba kimoja cha mabati Amalemba. Rafiki yangu Shikuku, fundi wa kuchonga viti, kwao ni jirani na Mama Vyungu, ndiye alimleta. Nelima alitaka atufundishe udongo. Alikataa. Alisema amekuja tu kuona watu wazima wanafanyanga nini mchana wote.

"Lakini Mama, wewe ni msanii mkubwa," Nelima akamwambia.

"Nani? Mimi natengeneza mahali pa maji kukaa. Usinitukane."

Lakini alikuwa anakuja kila Jumamosi. Anakaa kwa kiti cha mlangoni, mikono kwa mapaja, anatuangalia. Mara moja alisimama nyuma yangu, nachora ng'ombe wa bucha.

"Huyu ng'ombe amekula nini?"

"Hajala kitu, Mama."

"Ndiyo naona. Mpatie nyasi."

Jumamosi ingine, hata hajasalimia watu: "Alikula?"

Mikono kwa mapaja, nimesema. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Wakati huo alikuwa ameacha kufinyanga, na sisi wote tulijua ni kwa nini.

Kijana wake alikuwa mchota mchanga. Wanapiga mbizi kwa mto na karai, wanatoa mchanga chini, wanauza kwa wajenzi. Msimu wa mvua, mto ukiwa mwekundu umejaa, aliingia na hakutoka. Walitafuta na kamba, na ndoana, na wapiga mbizi wa kutoka mbali. Mto haukumtoa.

Sasa kwetu, mtu hawezi kukaa bila kaburi. Akipotelea kwa maji, wazee wanakata mgomba, unafungwa kwa blanketi, unalazwa kwa jeneza na unazikwa kama mtu, na nyimbo na kila kitu. Mimi sikuwa kwa hayo mazishi, nilikuwa nimelazwa na malaria. Shikuku alinielezea. Alisema kila kitu kilienda vizuri mpaka ikafika wakati wa mama kutupa udongo. Alisimama tu. Shemeji mmoja akamwekea udongo kwa mkono. Akaufungua mkono, ukaanguka kwa viatu vyake.

"Mimi sikuzaa mgomba," akasema, akarudi kwa nyumba.

Tangu siku hiyo hakukanyaga kaburi. Liko hatua chache kutoka kwa jikoni yake, na alikuwa anazunguka nyumba yote asipite hapo. Na udongo wake wote wa kufinyanga alikuwa anautoa kwa kingo za huo mto, tangu akiwa msichana. Akasema hawezi tena kuweka mkono kwa udongo uliomla mtoto wake. Watu wakamletea udongo wa mahali pengine, wa kichuguu, wa kwa kisima. Anaufinya kidogo, anaurudisha. "Huu sijui lugha yake," anasema.

Basi Nelima akaleta wazo lake. Kutakuwa na maonyesho ya sanaa hapa mjini, na sisi tutachora mto. Lakini tusichore tu hapa chini kwa daraja kama kila mtu. Twende kule unaanzia, juu kabisa, tuone, tupate kitu kipya kwa roho.

"Mimi roho yangu inapata kitu kipya hapa kwa mandazi," nikasema.

"Wewe kaa na mandazi yako," Nelima akasema.

Hapo kwa mlango tukasikia sauti. "Kule unaanzia, kuna mtu umewahi kuua?"

Tukageuka. Mama Vyungu alikuwa ameinuka kwa kiti.

"Sidhani, Mama," Nelima akajibu. "Wanasema kule ni maji kidogo tu. Mtoto anaruka."

"Basi huko haujakosea mtu." Akachukua mkoba wake. "Mtanipitia."

Shikuku aliniangalia, na mimi nikaangalia chini. Kila mtu kwa hicho chumba alielewa. Sisi tulikuwa tunaenda kutafuta picha. Yeye alikuwa anaenda kutafuta udongo ambao haujamla mtoto wake, afinyange kitu aweke pale kwa kaburi la mgomba, kitu cha mikono yake, ndiyo aweze kusimama hapo mara moja kama mama wa mtu.

Hiyo safari kwa pickup ya Nelima sitaeleza. Nilikuwa nyuma na turubai na nilitapika mara kadhaa, wacha iishie hapo. Cha kujisifu, nilitapika kabla ya kukojoa, kwa hivyo mto ulipata kimoja tu.

Baada ya kicheko kuisha, wenzangu walikaa wakachora. Ukungu, yale maua makubwa yamesimama kama watu, kondoo. Mama Vyungu akapiga magoti. Akauliza yule mzee mchunga kondoo, kwa adabu kabisa, kama ni ruhusa. Mzee akasema, "Chukua, mama. Hiyo ni ya Mungu." Akaingiza mikono kwa yale maji ya barafu mpaka kwa kiwiko, juu kidogo ya mahali pangu, namshukuru kwa hiyo heshima. Akatoa udongo mweusi kama masizi. Umejaa mizizi midogo midogo kama nywele.

Nelima akainama karibu naye. Alisema kwa sauti ya chini, lakini mimi niko na masikio hata kama siwezi kuyachora. "Mama, samahani. Hii naona si udongo wa kufinyanga. Ni nyasi zimeoza miaka na miaka. Kwa moto itaungua."

"Wewe ulisomea. Mimi nimefinyanga."

"Najua, Mama."

"Basi nishikie hii gunia."

Mimi nadhani vidole vyake vilijua. Mtu amegonga vyungu maisha yake yote, vidole haviwezi kukosa kujua. Lakini kuna wakati mtu anaambia vidole vyake vinyamaze. Alibeba hilo gunia kwa mapaja mpaka nyumbani. Hata tulipomwambia aliweke nyuma na mimi, alisema baridi italishika.

Alifanya kazi na huo udongo kwa muda mrefu. Ulikuwa unabomoka. Alitoa mizizi mmoja mmoja, akaponda, akalowesha, akangoja, akarudia. Shikuku alikuwa anapita kumwangalia anarudi na habari: umesimama, umelala tena, umesimama. Mwishowe kikatokea chungu kidogo, kama cha kuweka maziwa ya mtoto. Kikakauka kikawa kidogo zaidi. Kilikuwa na nyufa, na hakukigonga. Hapo ndipo nilijua anaogopa kusikia kitakavyolia.

Alituita sote siku ya kuchoma. Vyungu vyetu vinachomwa nje, chini, na kuni na nyasi kavu na mavi ya ng'ombe juu. Tulikaa pembeni. Mimi hata mluzi wa ndani kwa kichwa niliuzima. Ule udongo ulitoa moshi tofauti, mtamu kidogo, kama mtu anachoma shamba mbali. Moto ukaisha. Mama Vyungu akachukua kijiti kirefu, akaanza kufukua majivu pole pole, kama mtu anafunua blanketi ya mtoto amelala.

Akafukua. Akafukua upande ule mwingine. Hakukuwa na hata kigae. Kulikuwa na unga mwekundu mwekundu hivi, mwepesi, na upepo ukaanza kuuchukua akiwa anaangalia.

"Ameenda tena," akasema.

Akaweka kijiti chini, akaingia kwa nyumba, akafunga mlango. Nelima alilia pale pale, na yeye ndiye alikuwa amesema ukweli tangu mwanzo. Sisi wengine tulibaki tunaangalia jivu kama wajinga.

Maonyesho yalifanyika. Mimi nilipeleka picha ya chanzo cha mto, na mtu mmoja amevaa tai aliuliza kama ni uwanja wa mpira. Nikamwambia ndiyo, na timu imeenda mapumziko. Watu wakacheka. Kiti cha mlangoni Amalemba kilikaa bila mtu. Jumamosi nyingi.

Nilimwona tena wakati wa kiangazi, mto ukiwa umeshuka. Nilikuwa nimepata kazi ya kuandika jina kwa ukuta wa posho mill, ile mashine ya kusaga mahindi, kule Matungu, natembea na ndoo ya rangi, na kwa sababu ya joto nikapitia njia ya mto. Pale kwa wachota mchanga, pale pale, nikaona mama ameinama na jembe. Leso imefungwa kiunoni. Anachimba ukingo.

"Mulembe, Mama."

"Mulembe, mwana. Unaenda wapi na hiyo ndoo? Unataka kuharibu ukuta wa nani?"

Nikacheka, nikashuka. Nikasimama. "Mama, si ulisemanga huu udongo hutagusa tena?"

"Nilisema." Akapiga jembe. "Kuna mtu amenikataza kusema kingine?"

"Hapana, Mama."

Akachimba kidogo, akapumzika na mkono kwa mpini. Hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia maji. "Kule juu tulienda, nilikosea. Ule udongo ulikuwa haumjui. Niliufinya siku zote zile, namuuliza mtoto wangu, na ulikuwa kama mgeni, haujui kitu. Ndiyo maana haukukaa." Akapanguza uso na mkono ukaacha matope kwa shavu. "Walimtafuta hapa hawakumtoa. Sasa kama hakutoka, si yuko? Si yuko ndani ya hii? Mimi namkimbia naenda kumtafuta wapi?"

Akainama akachukua donge, akanipatia. "Shika."

Nikashika. Ulikuwa baridi, laini, mzito. Mimi mtu wa maneno, nilitafuta mzaha kila mahali, kwa mfuko, kwa ndoo, sikupata hata mmoja.

"Mama, wacha nikubebee," ndiyo nilisema.

Akajaza gunia. Nililiweka begani nikapanda nalo ule mteremko, na niseme ukweli, sijawahi kubeba kitu kizito hivyo. Yeye ametangulia, jembe mkononi, hageuki, lakini nikisimama anasimama. Nikipumua anangoja. Tukafika kwake. Nikaelekea pale kwa kibanda chake cha kufinyangia.

"Si hapo."

Akapita karibu na jikoni. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa kaburi, akavua viatu, akakanyaga. Akaonyesha na kile kidole. "Weka hapa. Pole pole, usiangushe."

Nikapiga magoti nikaliteremsha. Tuliliteremsha sote wawili, kwa sababu alishika upande mwingine. Akakaa chini karibu nalo, miguu ameinyoosha, akaweka mkono juu ya gunia.

"Mama, niite majirani wakae na wewe?"

"Hapana. Enda kwa kazi yako." Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo, "Asante, mwana. Leo niko na mtu."

Nikaenda. Ile posho mill niliandika vibaya mpaka mwenyewe akanifuata barabarani, lakini hiyo ni hadithi ingine.

Jioni nilipita kwa Shikuku, kwa duka lake la viti, nikamweleza yote. Alikuwa anapiga msasa kiti, akaendelea kupiga nikiongea, na nilipofika kwa gunia akaacha.

"Lilikuwa zito?" akauliza.

"Bwana, bega hili halitarudi."

Akapuliza vumbi ya mbao kwa vidole.

"Ule mgomba nilibeba mimi," akasema. "Mimi na vijana wengine. Ulikuwa mwepesi, ndugu yangu. Tulitembea tu polepole tukijifanya umetulemea, ndiyo yule mama asijue."